Mfalme-mungu: Firauni alikuwa mungu wa namna gani?

Ikitajwa tu Misri ya kale, iwe darasani, kwenye mahubiri au kwenye mabishano ya mtandaoni, hatakosekana wa kusema kwamba Wamisri walimwabudu Firauni, yaani mfalme wao, kama Mungu. Akishasema hivyo anatulia, kana kwamba mjadala umefungwa. Mimi naona hapo ndipo ulipaswa kuanza.

Maana yenyewe si ndefu. Mfalme-mungu ni mtawala ambaye watu wake wanaamini kuwa mamlaka yake ni ya kiungu yenyewe, si kwamba yamebarikiwa tu na Mungu. Misri ilitawaliwa kwa imani hiyo kwa takriban miaka 3,000, tangu nchi ilipounganishwa karibu na mwaka 3100 KK hadi Warumi walipoichukua mwaka 30 KK. Mfalme aliye hai aliitwa Horus, mungu wa ufalme. Kuanzia nasaba ya nne akaitwa pia mwana wa Ra, mungu jua. Akifa akahesabiwa kuwa Osiris, mungu wa wafu, na mrithi wake akawa Horus mpya. Hayo hayana ubishi.

Kinachoniudhi ni ile M kubwa. Mwislamu au Mkristo akisikia "Mungu" anamfikiria Mmoja, Muumba wa vyote, asiyekufa wala kuhitaji kitu. Kisha sifa zote hizo anamvisha Firauni, halafu anawacheka Wamisri kwa kuamini upuuzi ambao wao wenyewe hawakuuamini.

Ingia hekalu lolote la Misri lenye michoro, Karnak kwa mfano, utazame kuta. Mfalme yuko kila mahali, lakini mara nyingi anafanya nini? Anafukiza ubani, anamimina maji, anapiga magoti ameshika vyungu viwili vya divai, ananyoosha mkono wenye kisanamu kidogo cha Maat, yaani haki na mpangilio mwema wa ulimwengu. Anatoa sadaka, na anayepokea ni mungu fulani: Amun, au Ptah, au Hathor. Maandishi ya enzi hizo yanayoeleza kazi ya mfalme yanasema Ra alimweka katika nchi ya walio hai ili awahukumu watu, awaridhishe miungu, asimamishe Maat na kuangamiza vurugu. Huyo ni mtu wa katikati, anayewajibika juu kwa miungu na chini kwa watu.

Kwenye kuta hizo kuhani humwoni ila kwa nadra tu, ingawa kazi ya kila siku ilikuwa yake. Makuhani walinyoa miili yao, wakaoga, wakafungua mlango wa chumba cha ndani kabisa alfajiri, wakaivisha na kuilisha sanamu ya mungu. Mfalme mmoja hawezi kuwa kwenye mahekalu yote asubuhi moja. Kwa hiyo kuhani alitamka kwamba ni mfalme aliyemtuma amwone mungu. Kwa sheria, kuhani wa Misri alikuwa mmoja tu, yaani mfalme, na wengine wote walikuwa wakaimu wake.

Najua mtaniletea Abu Simbel, hekalu la mfalme Ramesses II. Sawa, tuitazame. Ndani kabisa ya hekalu lile mna sanamu nne zilizoketi pamoja: Ptah, Amun-Ra, Ramesses II mwenyewe, na Ra-Horakhty. Kabla yake mfalme Amenhotep III, kwenye hekalu la Soleb ambalo leo liko Sudan, alichongwa akitoa sadaka kwa Amenhotep III, bwana wa Nubia, nchi iliyo kusini mwa Misri. Na katika mji wa Pi-Ramesses watu waliomba mbele ya sanamu kubwa za Ramesses II, kila sanamu ikiwa na jina lake. Huo ni uungu, sikatai. Lakini angalia tena picha ya Soleb: wako wawili. Anayeshika sadaka ni mtu aliyevaa taji, na anayeipokea ni ule uungu wa ufalme. Mchongaji aliweza kuwatenganisha ukutani kwa sababu kichwani mwake walikuwa wametengana.

Kitu hicho kilichotengana na mtu Wamisri walikiita ka ya kifalme. Ka ni nguvu ya uhai ambayo kila mtu alikuwa nayo, ila ya mfalme ilikuwa moja iliyopita kutoka mtawala mmoja hadi mwingine. Kwenye hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama Firauni, huko Deir el-Bahari, mungu Khnum anaonekana akifinyanga watoto wawili kwenye gurudumu la mfinyanzi: Hatshepsut na ka yake. Wataalamu wengi wanaieleza sikukuu ya Opet kwa njia hiyo pia. Kila mwaka Amun alibebwa kutoka Karnak hadi hekalu la Luxor, mfalme akaingia naye ndani, na alipotoka uhusiano wake na ka ile ulikuwa umefanywa upya. Mungu wa M kubwa hahitaji kufanywa upya kila mwaka.

Raia walijua tofauti hiyo. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, mafundi wa Deir el-Medina, wale waliochimba makaburi ya wafalme, walicheleweshewa posho ya nafaka. Wakaacha kazi, wakavuka vituo vya ulinzi vya makaburi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Walisema njaa na kiu ndivyo vilivyowaleta, hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga, na Firauni, bwana wao mwema, aandikiwe habari hiyo. Hawakumwomba muujiza. Walidai haki yao kwa mwajiri. Lakini Neferabu, fundi wa kijiji hichohicho, alipoapa uongo kwa jina la Ptah kisha akaona giza mchana, alichonga jiwe la toba kwa Ptah. Shida ya posho ilikuwa na mlango wake, na shida ya roho ilikuwa na mlango mwingine.

Ramesses III huyo aliuawa karibu na mwaka 1155 KK. Njama ilitoka ndani ya nyumba yake: mke wake Tiye alitaka mwanawe Pentawer atawale. Hati za mahakama zimebaki hadi leo, na zinataja hata vinyago vya nta vya kichawi vilivyotengenezwa ili viingizwe ndani. Mwaka 2012 wanasayansi walioupiga picha za eksirei za kisasa mwili wake uliokaushwa walitangaza kwamba walikuta koo limekatwa hadi karibu na mfupa. Mwanawe mwingine, Ramesses IV, akakalia kiti, na makuhani wakaendelea kutoa sadaka kwa jina la mfalme.

Na kama bado unadhani uungu ulikuwa wa mtu, mfikirie Kaisari Augusto, Mroma aliyeichukua Misri, yuleyule wa Injili ya Luka. Alipofika Misri alikataa kwenda kumwona fahali mtakatifu Apis, akasema amezoea kuabudu miungu, si ng'ombe. Haikusaidia kitu. Kwenye hekalu la Kalabsha amechongwa akiwa na taji za Kimisri, anaitolea miungu sadaka kwa adabu zote. Nafasi ilikuwepo, na lazima ijazwe na mtu.

Nadhani naelewa kosa linatoka wapi. Firauni tunayemjua tangu utotoni ni mmoja, yule aliyeshindana na Nabii Musa. Katika Surat An-Naziat anasema, "Mimi ndiye mola wenu mkuu," na katika Kutoka anauliza Bwana ni nani hata amsikilize. Visa hivyo vinasimulia kiburi cha mfalme mmoja na mwisho wake. Havikuletwa kutufundisha jinsi wafalme wa nasaba 30 na zaidi walivyofanya ibada zao.

Kwa hiyo mwalimu, au mhubiri, sikuombi uifute sentensi yako. Iandike kwa m ndogo, kisha uongeze kwamba mungu huyo naye alikuwa na miungu wake, na alipiga magoti mbele yao.