Glavu na msumeno wa mezani

Mafundi wengi huamini glavu huokoa vidole kwenye msumeno wa umeme wa mezani. Kwa kubeba mbao zenye vibanzi, sawa, zivae. Lakini msumeno wenye diski ya meno ya inchi 10 huzunguka mara 4,000 hivi kwa dakika; glavu ya ngozi au kitambaa haiuzuii. Tena huongeza balaa: jino likinasa ncha ya glavu, mkono huvutwa wote kabla hujashtuka. Mikono ya shati iliyolegea ni vivyo hivyo. Mbao nyembamba isukume kwa kijiti kilichochongwa pengo mwishoni. Na lile bamba la chuma lililo nyuma ya diski ya msumeno (wengi huling'oa, eti linasumbua!) liache: ndilo linalozuia mbao kuubana msumeno na kukurukia kifuani.