Meno ya plastiki, kimeo, degedege, kubemenda: mtaa unasema hivi, wodini tunaona hivi

Kabla sijaanza kubishana na mabibi wa watu humu niseme kitu kimoja, mama anaona mapema sana. Utosi umezama kauona, mtoto hanyonyi kama jana kaona, macho yamebadilika kaona, tena mara nyingi kabla hata sisi manesi hatujamgusa. Dalili huwa ni ya kweli kabisa. Kasheshe inaanza pale jirani anapoipa jina, maana ugonjwa ukishapewa jina la mtaani unapewa na fundi wake wa mtaani, na yule fundi hana dripu wala oksijeni.

Haya, meno ya plastiki, wengine mnaita ya nailoni. Yanayosemwa ni kwamba kichanga ana homa, anaharisha haishi, basi kuna meno laini meupe yamejificha kwenye fizi, yasipotolewa mtoto anakufa. Hapa Tanzania hii habari ilivuma sana kuanzia miaka ya 80, na majirani zetu Uganda wanayo, wao wanaita ebino. Sasa chukua mtoto yeyote wa miezi minne mitano, hata huyo wako mzima anayecheka, mfungue mdomo uangalie pale yatakapotokea machonge. Utakuta fizi imetuna kidogo na imepauka, unaona kabisa kama kuna kitu kinachungulia. Hiyo ni mbegu ya chonge lake la utotoni, litatoka akiwa na mwaka na miezi kadhaa, halina haraka. Fundi anachokonoa na kiwembe au spoku ya baiskeli, anatoa kitu laini cheupe anakwambia si unaona, plastiki hii! Ni laini ndiyo, jino halijakomaa, ulitegemea liweje? Mtoto anabaki na kidonda mdomoni, damu, usaha, anaweza kupata pepopunda au hata VVU kwa hicho kifaa kinachozunguka nyumba hadi nyumba, na akikua meno ya ukubwani yanaweza kuja yamepinda au yasije kabisa.

"Mbona wa kwangu alipona baada ya kutolewa?" Hili swali naulizwa kila siku. Alipona kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi kama rota na huwa kunaisha kwenyewe ndani ya siku kadhaa, na watu wengi huenda kwa fundi siku ya nne au ya tano wakiwa wameshachoka, sasa hapo sifa anapata nani?

Na ile ya kwamba kuota meno kunaharishisha ni ukoo huohuo. Jino la kwanza linatoka kwenye miezi sita hivi, na umri huo ndo anaanza kula uji, anatambaa, anaokota ndala ya baba yake anaitia mdomoni. Uchafu ndo unaharishisha, jino limekutwa tu eneo la tukio.

Kuharisha kwenyewe sasa, maana hapa ndo tunapoteza watoto. Watu wanasema asipewe maji yatazidisha, ziwa apumzishwe kwanza, chakula asubiri tumbo litulie. Jamani! Anayeharisha anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi, halafu wewe unafunga bomba. Na utosi uliozama, ambao watu wanaupaka dawa nyeusi "upande", umezama kwa sababu hiyohiyo ya maji kuisha. (Ukiwa umevimba juu na mtoto ana homa usikae hata dakika, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Ukiwa unadundadunda tu na mtoto mzima, huo ni wa kawaida.)

Kuna mama alikuja na mtoto kapakwa hiyo dawa mpaka imemwagikia kwenye nyusi. Nikaifinya ngozi ya tumbo nikaachia, ikarudi polepole badala ya kurudi paap, macho yameingia ndani, akilia hatoi machozi, ila kikombe akikiona anakivamia kwa mikono miwili. Huyo bado ana uwezo wa kunywa kwa hiyo tulianza kumpa ORS, ile dawa ya unga inayochanganywa na maji kurudisha maji na chumvi mwilini, kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika tunasubiri dakika kumi tunaanza tena taratibu zaidi. Mama alikuwa anataka dripu anaona kijiko tunamzuga. Saa kadhaa baadae mtoto kakojoa akamlowesha mama yake gauni zima, na yule mama ndo alifurahi kuliko siku ya harusi.

Pakiti ya ORS inachanganywa yote kwa mara moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, hamna kugawa robo pakiti kwenye kikombe. Ikifika masaa 24 mwaga, changanya nyingine. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe kama robo hadi nusu kikombe kila akiharisha. Zinki anapewa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekata siku ya tatu, kidonge cha miligramu 20 kwa siku kama kafika miezi sita, nusu yake kama hajafika. Ziwa linaendelea na chakula kinaendelea. Zile antibayotiki unazokimbilia famasi kununua, kuharisha kwa kawaida hazihusiki, labda kinyesi kiwe na damu na hapo mtoto aje apimwe.

Kimeo sitakaa sana. Mtoto anakohoa sana mnamkata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na anavuja damu humo kooni mahali ambapo hata huwezi kubana. Kimeo hakisababishi kikohozi. Mvue nguo akiwa ametulia, angalia kifua, hesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili ikifika 60 ni haraka mno, miezi miwili hadi mwaka ni 50, mwaka hadi mitano ni 40. Kifua cha chini kikibonyea ndani anapovuta pumzi, funga safari usiku huohuo.

Degedege. Wanasema ni dege limempitia, ni mashetani, na mbaya kuliko zote wanasema akipigwa sindano anakufa, kwa hiyo anapitishwa kwanza kwa mganga anafukizwa moshi. Watoto wa miezi sita hadi miaka mitano homa yoyote kali inaweza kuwatingisha hivyo, ila huku kwetu lazima uwaze malaria kali na homa ya uti wa mgongo, na dawa ya hayo yote ni sindano hizohizo mnazozikimbia. Anayefariki baada ya sindano mara nyingi alishacheleweshwa siku mbili. Akianza kutingishika mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, angalia saa, kisha mlete hata kama kumekata. Kukipita dakika tano hiyo ni dharura.

Sasa kubemenda, hii inaniuma. Mtoto kadhoofu, nywele zimekuwa kama za kahawia na zinanyonyoka, miguu imevimba, mtaa unasema wazazi wamekutana kimwili mapema au baba katoka nje. Mama anaona aibu, kliniki haendi kwa sababu atasemwa. Huo ni utapiamlo mkali, na mtaa uliona mfuatano vizuri tu, mama akibeba mimba nyingine aliyepo anadhoofika. Anadhoofika kwa sababu kaachishwa ziwa ghafla akawekwa kwenye uji mtupu wa mahindi. Tendo la ndoa halimdhuru mtoto, na mjamzito kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha. Mashavu ya kuvimba nayo yasikudanganye ukasema kanona: bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba sekunde chache, ikibaki shimo mlete. Ule utepe wa rangi tunaopimia mzunguko wa mkono wa juu, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hapo tiba ipo na mama hashtakiwi na mtu.

Unga wa lishe wa vitu kumi na mbili je? Mahindi, ngano, ulezi, soya, karanga, korosho, dagaa, vyote kinu kimoja. Vinaiva kwa muda tofauti na karanga zikikaa kwenye unga zinachacha, na zikiwa na ukungu zinabeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Pika uji wa nafaka ya kawaida, mzito usiochuruzika kwenye kijiko, halafu tia maziwa au karanga zilizosagwa sasa hivi, na mchana ale maharage yaliyopondwa, mchicha, dagaa, papai. Yai pia, mtaa unasema linamchelewesha kuongea, halimchelewishi hata kidogo. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, mkoa unaovuna mahindi kwa magunia. Shibe wanayo, mchanganyiko wa vyakula ndo haupo.

Kigari cha kutembelea hakimfundishi mtu kutembea, kinamfikisha kwenye jiko la mkaa haraka tu. Mtoto akifika miezi 18 hajatembea mlete. Na hii ya "wa kiume wanachelewa kuongea, hata baba yake alikuwa hivo", akifika miaka miwili hajaunga maneno mawili, anza na masikio. Mwite kutoka nyuma asikuone. Wengi tunakuta sikio linatoa usaha miezi na miezi na bibi anatia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Mafuta acheni, likausheni kwa kitambaa safi kilichosokotwa, hamna kutia kitu chochote, halafu njooni tuliangalie.