Nani Kamwita Kichaa? Jinsia na Wazimu Jukwaani

Mwaka 1878 mwigizaji Ellen Terry alikuwa akijiandaa kumwigiza Ophelia katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, kwenye jumba la Lyceum jijini London. Kwa onyesho la wazimu alitaka gauni jeusi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: binti kafiwa na baba, na mfiwa huvaa nyeusi. Mshauri wa mchezo alipopata habari alishtuka. Katika mchezo huu, alisema, anayevaa nyeusi ni mmoja tu, naye ni mwanamfalme Hamlet. Terry akatoka na nyeupe.

Hamlet naye kafiwa na baba. Msiba ni ule ule, ila mmoja karuhusiwa kuomboleza kwa rangi ya maombolezo, na mwingine kapewa rangi ya bibi harusi. Sisi tunaofundisha sanaa za maonyesho hupenda kuanza na kisa hiki, kwa sababu watazamaji wengi huamini kwamba wazimu wa jukwaani unatokana na ugonjwa wenyewe, kana kwamba mtunzi na mwigizaji wananakili tu. Unatokana pia na maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na anayechagua maleba ana maoni yake juu ya mwanamke anavyopaswa kuvunjika.

Tazama mchezo wenyewe, ulioandikwa na Shakespeare karibu na mwaka 1600. Hamlet anajitangazia mapema kwamba atajifanya mwehu. Maneno yake ya kichaa yana ncha. Hata mzee Polonius, baba yake Ophelia, ambaye si hodari wa kuona mambo, anakiri kwamba ndani ya wazimu huo kuna mpangilio. Mfalme anaagiza achungwe, kwani wazimu wa mkubwa ni jambo la dola. Na karibu na mwisho, anapotaka radhi kwa Laertes, kaka yake Ophelia, kwa kumuua Polonius, Hamlet anasema aliyekosa si yeye, ni wazimu wake. Ameuvaa alipouhitaji, na sasa anauvua. Ni vazi, tena lina mfuko wa kutilia visingizio.

Ophelia hana pa kuuvua. Baba na kaka wamemwonya asimsikilize Hamlet; kisha baba huyo huyo akamtumia kama chambo ili wakubwa wajifiche na kusikiliza. Baba anauawa, kaka yuko Ufaransa, na hakuna aliyebaki wa kumwambia afanye nini. Anaingia akiimba, anagawa maua na majani, nyimbo zake nyingine zikiwa na matusi ambayo binti wa heshima hakupaswa hata kuyajua. Linalosahaulika ni kwamba ikulu inamwogopa. Malkia anakataa kuonana naye, mpaka anapoelezwa kwamba maneno yake, ingawa hayana kichwa wala miguu, yanawafanya wasikilizaji wajiunganishie maana wenyewe, na maana hizo zinaweza kuwa za hatari. Kwa maneno mengine, huyu ni shahidi. Lakini kaka yake anaporudi na kumwona, anachosema ni kwamba dada hata jehanamu anaigeuza kuwa kitu cha kupendeza. Tangu hapo Ophelia ni pambo. Hata kifo chake hatukioni. Tunasimuliwa na malkia, kwa maneno mazuri mno kwa mtu anayezama mtoni.

Mpaka mwaka 1660 hivi, katika kumbi za umma za Uingereza, sehemu za wanawake ziliigizwa na wavulana. Wanawake waliporuhusiwa kupanda jukwaani kwa malipo, onyesho la wazimu likawa moja ya yale yaliyowapa jina. Zama za baadaye ziliyapenda maua yake na kuyapunguza matusi yake, na Ophelia akazidi kuwa mpole kuliko alivyoandikwa.

Lililofuata ni la ajabu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Katika miaka ya 1850 daktari Hugh Diamond alikuwa akiwapiga picha wanawake waliolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Surrey. Mmoja wao anaonekana kavishwa shada la majani kichwani na nguo nyeusi mabegani, mfano wa Ophelia kabisa. Mgonjwa halisi kavishwa maleba ya mhusika wa kubuni ili ugonjwa wake utambulike! Paris nako, katika hospitali ya Salpêtrière, daktari Jean-Martin Charcot alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wake wa histeria mbele ya ukumbi uliojaa watu, nao wakianguka, wakipinda mgongo, wakikakamaa, huku wapiga picha wakiwa kazini. Sigmund Freud alikuwa mwanafunzi huko mwaka 1885. Jina lenyewe, histeria, linatokana na neno la Kigiriki la mji wa mimba. Tangu zamani lilibeba dhana kwamba mwanamke huugua akili kwa sababu ya alivyoumbwa. Charcot aliandika pia juu ya wanaume wenye maradhi hayo, na si wachache, lakini picha zilizobaki vichwani mwa watu ni za wasichana waliovalia nguo za kulalia.

Terry naye alikwenda kwenye hospitali ya namna hiyo ili ajifunze. Akaandika baadaye kwamba wagonjwa wengi aliowaona walikuwa wanaigiza mno, hivyo hawakuwa na la kumfunza. Sijui kama alitambua alichokuwa anakisema. Huenda jukwaa lilikwisha kufika kule kabla yake.

Histeria ilishikamana na mwanamke kiasi kwamba askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia walipoanza kutetemeka, kupoteza sauti na kupofuka bila jeraha, lilitafutwa jina jingine. Mwaka 1915 ukaingia katika maandishi ya kitabibu msemo wa mshtuko wa mizinga. Dalili zilikuwa jamaa moja na zile za Salpêtrière. Jina ndilo lililokuwa la kiume. Histeria kama jina la ugonjwa iliondolewa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980.

Kwa hiyo ukiingia ukumbini, swali la kama mhusika ni mgonjwa kweli liache kwanza. Sikiliza ni nani wa kwanza kulitamka neno kichaa, na kalitamka wakati gani. Katika A Doll's House, tamthilia ya mwaka 1879 ya Henrik Ibsen wa Norway, Nora anapomwambia mumewe kwamba anaondoka, mume anamjibu kwamba anaumwa, ana homa, karibu atasema amerukwa na akili. Ni mara ya kwanza usiku ule mwanamke huyo kusema kwa utulivu. Katika Gas Light ya Patrick Hamilton, ya mwaka 1938, mume anaficha vitu kisha anamlaumu mkewe kwa kuvipoteza, mpaka mke anaanza kuyakana macho yake mwenyewe. Anaokolewa na mpelelezi mstaafu. Hata kuthibitishiwa kwamba ni mzima, ilibidi aje mwanamume mwingine. Na katika A Streetcar Named Desire, mwaka 1947, Blanche anabakwa na shemeji yake, anasema, na dada yake anakiri kwamba hawezi kuliamini neno lile na bado akaishi na mumewe. Anayepelekwa hospitalini ni Blanche. Mtunzi Tennessee Williams alikuwa na dada, Rose, aliyepasuliwa ubongo kama tiba mwaka 1943.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, wanaume wakiwa waitaji na wanawake waitwaji. August Strindberg, mtunzi wa Sweden, anaharibu hesabu hiyo. Katika Baba, ya mwaka 1887, sheria imempa mume kauli ya mwisho juu ya malezi ya binti yao. Mke hana mlango mwingine ila kumthibitisha mume kuwa ni kichaa, na anautumia bila huruma. Mwishowe yaya wa zamani anamvisha mume huyo, kapteni wa jeshi, fulana ya kuwafungia vichaa huku akimbembeleza kama mtoto. Strindberg alikusudia tumchukie mke. Mimi huiona sheria.

Kuna pia tabaka. Woyzeck, askari wa chini katika tamthilia ambayo Georg Büchner alifariki mwaka 1837 kabla ya kuimaliza, anasikia sauti. Daktari anamlisha njegere tupu kwa majaribio, na anaufurahia wehu wake kama matokeo mazuri ya kazi. Mwanamume huyu maskini hapewi heshima ya Hamlet; hakuna anayetafuta mpangilio katika maneno yake. Woyzeck wa kweli alikatwa kichwa Leipzig mwaka 1824, baada ya daktari kuamua kwamba alikuwa na akili timamu alipoua. Hata hivyo, nimeona maonyesho yanayomhurumia askari mpaka yanamsahau Marie, mwanamke anayechomwa kisu. Kumwelewa muuaji hakumtoi maiti jukwaani.

Wagiriki wa kale waliugawa wazimu vingine. Katika tamthilia zao, mashujaa Ajax na Heracles, na mwanamke Agave, wote wanatiwa wazimu na miungu, na wote wanazinduka wakakuta damu mikononi. Mwanamke na wanaume wanaandikiwa saa ile ile ya kutisha, ya kurudiwa na akili. Tofauti ni kwamba Agave alipanda jukwaani akiwa mwanamume ndani ya kinyago.

Waongozaji wa vikundi huniuliza wafanyeje na matini za namna hii. Huwa nawapa 4.48 Psychosis, tamthilia ya Sarah Kane, iliyoonyeshwa London mwaka 2000, baada ya mtunzi kujiua. Haina majina ya wahusika, wala haisemi waigizaji wawe wangapi. Maswali ya daktari na majibu ya mgonjwa yametenganishwa kwa vistari tu. Onyesho la kwanza lilikuwa na wanawake wawili na mwanamume mmoja. Kikundi kinapokaa kuisoma mara ya kwanza, kabla ya mazoezi yoyote, lazima watu wakubaliane nani atauliza na nani ataulizwa, na mabishano ya mezani pale huchukua siku nzima.