Mtumiaji Si Mzembe: Dhana Potofu Kuhusu Uzamili wa Masuala ya Kibinadamu katika Mifumo ya Taarifa

Anayesomea shahada ya uzamili katika masuala ya kibinadamu kwenye mifumo ya taarifa, yaani jinsi watu wanavyoitumia mifumo hiyo na jinsi ya kuibuni iwafae, huulizwa mara nyingi kama anajifunza kupanga rangi za tovuti. Dhana hiyo imewapotosha hata waombaji wa masomo wenyewe, ambao hufika darasani wakitarajia kuchora, wakakutana na takwimu, saikolojia ya utambuzi na mbinu za majaribio. Mizizi ya fani hii imo katika ndege za kivita. Mwaka 1943, mwanasaikolojia wa jeshi la anga la Marekani, Alphonse Chapanis, alichunguza kwa nini marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakayakunja magurudumu ndege ikiwa tayari ardhini. Swichi ya magurudumu na ile ya mabapa ya mabawa zilikaa ubavu kwa ubavu na zilifanana, hivyo rubani aliyechoka alishika isiyo yake. Chapanis alizipa vishikio tofauti, kimoja chenye umbo la gurudumu na kingine chenye umbo la kabari, ili mkono utambue bila msaada wa macho. Hadi leo kishikio cha magurudumu katika ndege za abiria kina umbo la gurudumu.

Dhana iliyo mbaya zaidi, ambayo naipinga kwa nguvu zote, ni ile isemayo kwamba kosa likitokea kwenye mfumo basi mtumiaji ni mzembe au hakufundishwa vya kutosha. Machi 28, 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi huku taa yake kwenye paneli ikiwa imezimika, na waendeshaji wakaamini kwamba imefungwa. Taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Haikupima kama vali imetii. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais Carter ilikosoa mafunzo, ni kweli, lakini ilikosoa pia mpangilio wa chumba cha udhibiti, na hilo la pili ndilo ambalo wakubwa wengi wa ofisi hawapendi kulisikia.

Jambo la aina hiyo nimeliona kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja. Pembeni mwa skrini palibandikwa kwa selotepu kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: "Asiyejua tarehe, weka 01/01." Bibi mmoja alipoulizwa amezaliwa lini, alijibu kwamba ni mwaka wa mvua kubwa, kabla mdogo wake hajazaliwa. Mfumo ulikataa kuendelea bila siku na mwezi, karani akaandika 01/01, na foleni ikasogea. Atakayesoma takwimu hizo makao makuu ataona wazee wengi ajabu waliozaliwa Januari mosi, naye atamlaumu karani kwa uvivu. Mwanafunzi wa fani hii hufundishwa kuisoma karatasi ile kama ushahidi: aliyebuni fomu aliifanya tarehe kuwa ya lazima bila kuacha nafasi ya "haijulikani", na karani akatafuta njia ya kumhudumia mgonjwa aliyesimama mbele yake.

Inadhaniwa vilevile kwamba lazima uwe mtaalamu wa kuandika programu. Ujuzi huo unasaidia, lakini muuguzi, mkutubi au mwalimu huja na kitu ambacho msanidi programu huchelewa kukipata, yaani uzoefu wa kazi yenyewe inavyofanyika.

Wengine huamini kwamba utafiti wenyewe ni kuwauliza watu wanataka nini, kisha kurahisisha vitufe. Huduma ya M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Kenya Machi 2007, ilijaribiwa kama njia ya kurejesha mikopo midogo. Washiriki wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na waliokuwa wakiwatazama ndio waliotambua kwamba hitaji kubwa liko hapo. Urahisi peke yake hautoshi. Fred Davis, katika utafiti wake wa mwaka 1989 ambao kila mwanafunzi wa uzamili wa mifumo ya taarifa hukutana nao, alionyesha kwamba imani ya mtu kuwa mfumo utamfaa kazini ina uzito mkubwa kuliko imani yake kuwa ni rahisi kuutumia.

Imebaki dhana kwamba haya ni masomo ya Ulaya na Marekani. Mkutano wa kwanza wa Afrika kuhusu mwingiliano wa binadamu na kompyuta, AfriCHI, ulifanyika Nairobi mwaka 2016, na maswali ya tasnifu yamejaa kwetu yakisubiri wa kuyachukua. Fikiria ujumbe wa simu unaomwambia mgonjwa: "Fika kliniki kesho saa 2:00." Kwa mfumo, hiyo ni saa nane mchana. Kwa mama anayehesabu saa kwa Kiswahili, ni asubuhi, naye atakuwa amekaa kwenye benchi saa sita nzima kabla jina lake halijaitwa.