i7 ya laptopu imeshindwaje na i5 ya mezani?

Kijana mmoja mpiga video za harusi aliniingilia kibandani Mlandege, hapa Unguja mjini, wiki iliyopita, laptopu mpya kwapani, uso umemkunjika. "Fundi, nimeibiwa." Kauza desktopu yake yenye i5-12400, kaongeza na pesa juu, kanunua laptopu yenye i7-1255U. Sasa video ya harusi ambayo desktopu ilikuwa ikiitoa baina ya Alasiri na Magharibi, laptopu inamkesha.

Hakuibiwa. Alisoma kibandiko tu, akadhani i7 ni lazima iipite i5.

Prosesa hizi mbili, yaani bongo za kompyuta, ni ndugu: kizazi cha 12 cha Intel, zote za mwaka 2022. Ile i5 ina viini 6 (sehemu za prosesa zinazopiga hesabu), vyote vikubwa, na mwendo wake wa juu ni gigahezi 4.4. Ile i7 ina viini 10, lakini vikubwa ni 2 tu; vilivyobaki 8 ni vidogo, vya kubana umeme. Kiini chake kimoja hufika gigahezi 4.7. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa intaneti au jedwali la hesabu, laptopu haibaki nyuma hata kidogo, na ndiyo maana dukani ilimvutia. Dukani mtu hujaribu kwa sekunde kumi. Harusi ni kazi ya masaa.

Tofauti yenyewe iko kwenye wati. i5-12400 imeundiwa wati 65, na inaruhusiwa kupanda hadi 117. i7-1255U imeundiwa wati 15. Hupanda hadi 55, lakini kwa muda mfupi. Kila wati inayoingia kwenye prosesa hutoka ikiwa joto, na ndani ya laptopu nyembamba joto hilo halina pa kwenda zaidi ya kibomba cha shaba na feni nyembamba kama biskuti. Nilichukua desktopu ya kibandani yenye i5 ile ile, nikazipa zote mbili faili moja na kuziangalia kwa HWiNFO, programu inayoonyesha wati, joto na gigahezi. Laptopu iliruka vizuri mwanzoni, kisha wati zikaanza kushuka na gigahezi zikafuata. Desktopu ilishika mwendo mmoja mpaka mwisho.

Lakini msifikiri wati 15 dhidi ya 65 maana yake ni kasi ya robo. Umeme unaoliwa hupanda pamoja na gigahezi, na hupanda kwa mraba wa volti. Na ukitaka gigahezi zaidi, lazima uongeze volti. Hatua za mwisho za kasi ndizo ghali kuliko zote. Laptopu hutembea kule chini ambako kasi hugharimu umeme kidogo, na hapo inajitahidi kweli.

Hapa kwetu kuna la ziada. Kipozaji hufanya kazi kwa tofauti ya joto baina ya prosesa na hewa ya chumbani, na kaskazi ikishaingia, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30. Laptopu zinazoletwa kutoka pwani, Nungwi na Makunduchi, nazijua kabla sijazifungua: vumbi limeshikana na unyevu wa chumvi kwenye mapezi ya kipozaji, hata ukilipuliza halitoki, mpaka brashi. Halafu mwenyewe huiweka juu ya godoro, matundu ya chini yote yamezibwa, na kunilaumu mimi. Vipande viwili vya vigae chini yake vinatosha.

Kwa wanaonunua mtumba, kadhia ni ile ile. i7-6600U ya laptopu ina viini 2. I5-6500 ya mezani, ya kizazi hicho hicho, ina 4. Tazameni herufi ya mwisho: U ni ya kubana umeme, H ni ya laptopu nzito zenye kipozaji cha maana. Na vile visanduku vidogo vya mezani vyenye T, kama i5-6500T, ni vya wati 35. Viko mezani, lakini roho yake iko njiani kuelekea laptopu.

Je, nawaambia wote wanunue desktopu? La. Mwanafunzi anayeandika tasnifu hahitaji wati 65. Tena waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, hawahitaji kuelezwa thamani ya betri. Siku hizi hali si hiyo, lakini umeme ukikatika dakika tano tu, desktopu isiyo na yupiesi (betri ya akiba) inaondoka na kazi yako. Jueni pia kwamba laptopu nyingi hupunguza mwendo zikitoka kwenye chaja.

Yule kijana nilimpa nafuu moja. Programu yake ilikuwa ikitoa video kwa nguvu za viini vitupu, nami nikamwashia Quick Sync, sehemu ya prosesa iliyotengenezwa mahususi kwa kubana video. Faili linakuwa kubwa kidogo ukitaka ubora ule ule, lakini muda umepungua sana. Rangi na vikorombwezo vya maharusi bado vinaitesa, kwa hiyo laptopu sasa anakwenda nayo shamba kukagua picha, na kaniagiza nimtafutie tena i5-12400. Ile aliyoiuza, aliyeinunua hataki kuirudisha.