Kibali cha kuzaa: waandishi wa riwaya za kisayansi hii stori waliitoa wapi

Kuna riwaya ya Kirusi, Yevgeny Zamyatin aliiandika kati ya 1920 na 1921, ndani yake kuna dada anaitwa O-90, ndo jina lake lote hilo, na huyu dada anataka mtoto kweli kweli ila serikali imemkatalia kwa sababu ni mfupi. Kapungukiwa sentimita 10 tu kufikia kimo ambacho dola imekipanga kwa mwanamke anayeruhusiwa kuwa mama, basi, hazai. Na hata kulala na mtu huko ni kwa kuponi, ya rangi ya pinki, ukiwa nayo ndo unaruhusiwa kushusha pazia maana nyumba zote ni za vioo. Kitabu kilitoka New York kwa Kiingereza mwaka 1924, Urusi kwenyewe wakaja kukichapa 1988.

Kwenye kitengo chetu cha maadili ya tiba huwa napenda kuanza na huyu O-90, kwa sababu watu wakisikia mada ya jamii kutawala uzazi kwenye hadithi za kisayansi moja kwa moja wanawaza mitambo, watoto wanakuzwa kwenye chupa, madaktari wenye makoti meupe na mataa ya bluu. Haya, tuongelee chupa kwanza tuimalize.

Mwaka 1923 mwanabiolojia wa Uingereza J.B.S. Haldane alitoa mhadhara pale Cambridge akabashiri kwamba mtoto wa kwanza kukuzwa nje ya tumbo la mama atazaliwa 1951. Aldous Huxley, ambaye alikuwa anafahamiana na Haldane tangu ujana, mwaka 1932 akatoa riwaya yake, Brave New World, yenye kiwanda cha kukuza watoto cha London ambako yai moja linagawanywa mpaka kutoa watoto 96 wanaofanana, na wale waliopangiwa kazi za chini wanapunguziwa oksijeni kwenye chupa ili akili isikue. Inatisha, sawa. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Mwaka 1978 akazaliwa Louise Brown kule Oldham, Uingereza, mimba ilitungwa maabara kisha ikarudishwa tumboni kwa mama yake, na aliyeenda kuomba huduma ni mama na baba wenyewe waliohangaika miaka, hakuna serikali iliyowaamuru. Mwaka 2017 watafiti wa Philadelphia wakaweka vitoto vya kondoo kwenye mfuko maalum wenye maji vikakaa mpaka wiki 4, lengo likiwa kuja kuokoa njiti. Kiwanda cha Huxley mpaka leo hakuna dola iliyokijenga.

Na haikukihitaji. Hapo ndo huwa nataka watu wakae kidogo wafikirie, kwa sababu serikali zilizoingia kweli kweli kwenye matumbo ya watu karne iliyopita zilitumia vitu ambavyo viko kwenye ofisi yoyote, daftari, fomu, muhuri, faini, na daktari anayeogopa kufukuzwa kazi.

Chukua Romania. Oktoba 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa Amri namba 770, kutoa mimba marufuku isipokuwa kwa mwanamke aliyezidi miaka 45, au ana watoto 4 tayari, au sababu chache za kiafya na kisheria, na njia za kisasa za uzazi wa mpango hazikupatikana kirahisi. Mwaka uliofuata wastani wa watoto kwa mwanamke ukaruka kutoka 1.9 hadi 3.7, wodi za wazazi zikafurika. Halafu watu wakatafuta njia za uchochoroni, idadi ikaanza kushuka tena, na serikali nayo ikakaza, miaka ya 1980 wanawake wakawa wanapimwa mimba makazini na ukikutwa nayo unaandikwa, wanafuatilia imefika wapi. Asiye na mtoto baada ya miaka 25 analipa kodi ya ziada, mwanaume na mwanamke. Wanawake karibu 10,000 wanakadiriwa kufa kwa utoaji mimba usio salama. Ceaușescu aliuawa tarehe 25 Desemba 1989, na kesho yake tu, kati ya mambo ya kwanza kabisa ambayo watawala wapya walifanya, amri ikafutwa, na ndani ya mwaka mmoja vifo vya akina mama vikashuka karibu nusu. Binafsi sijui takwimu nyingine ya afya ya uzazi inayoongea wazi kuliko hiyo.

Sasa Margaret Atwood wa Canada alianza kuandika riwaya yake ya wajakazi, The Handmaid's Tale, akiwa Berlin Magharibi mwaka 1984, ukuta uliogawa mji ukiwa bado umesimama, na akajiwekea sharti kwamba haingizi kitu chochote ambacho binadamu hawajawahi kukifanya mahali fulani. Alikuwa anakata vipande vya magazeti anavitunza, na Romania ilikuwemo. Ndo maana ukisoma kile kitabu cha 1985 hukuti mashine hata moja ya maana, unakuta wanawake wenye uwezo wa kuzaa wamegawiwa kwa wakubwa, wamenyang'anywa majina yao, wamekatazwa kusoma, na kila kitu kinahalalishwa na kisa cha Raheli aliyempa mumewe kijakazi wake Bilha ili amzalie watoto, Biblia kitabu cha Mwanzo sura ya 30, ambacho wengi wetu tumekisikia tangu utotoni na hatukuwahi kujiuliza Bilha mwenyewe aliulizwa au la.

Uchina waliingia kwa mlango wa pili, kuzuia badala ya kulazimisha. Song Jian alikuwa mtaalamu wa mifumo ya kuongoza makombora, yeye na wenzake wakapiga hesabu za idadi ya watu kwa kompyuta kama unavyopiga hesabu za kombora, na hesabu hizo zikawa sehemu ya hoja iliyoleta sera ya mtoto mmoja, barua ya wazi ya Chama cha Kikomunisti kinachotawala ikatoka Septemba 1980. Kibali cha kuzaa kikawa karatasi ya kweli kabisa, siyo ya riwaya. Kwa maskini ilikuwa balaa, kulazimishwa kutoa mimba na kufungwa kizazi, kwa mwenye nazo ilikuwa bili tu, mwongozaji wa filamu Zhang Yimou mwaka 2014 alilimwa yuani zaidi ya milioni 7. Sera ikaisha mwanzoni mwa 2016, na tangu 2021 wanaruhusu watatu na sasa serikali ndo inawabembeleza watu wazae. India nao, kipindi cha hali ya hatari 1975 hadi 1977, walifunga uzazi wanaume zaidi ya milioni 6 ndani ya mwaka mmoja, mpaka walimu wa shule wakapangiwa idadi ya watu wa kuwapeleka.

Tusijifanye haya ni ya mbali. Namibia wanawake 3 wanaoishi na VVU walifungwa kizazi hospitali za serikali, na fomu walisaini wakiwa leba, uchungu umewashika. Mahakama Kuu ikawapa ushindi 2012, Mahakama ya Juu ikathibitisha Novemba 2014 kwamba saini ya namna hiyo siyo ridhaa. Kenya nako Mahakama Kuu iliamua kesi zinazofanana na hiyo mwaka 2022, akina mama wakashinda.

Kwa hiyo ukiletewa fomu ya kufunga kizazi, omba usomewe kwa lugha unayoielewa, uliza kama kuna njia nyingine na kama hii inaweza kurudishwa, na una haki ya kwenda nayo nyumbani ukafikirie. Ukishasaini bado unaweza kughairi, hata siku yenyewe ya upasuaji, na kughairi hakukunyimi matibabu mengine.