Papa, tochi si fimbo

Jumamosi iliyopita alikuja baba wa nne mwezi huu kunitaka tochi. Papa wa heshima, kofia kwapani, tope la mtaa wa Kadutu limempanda hadi kwenye kamba za viatu. Akazungusha macho juu ya meza yangu kama anayechagua kuku wa sikukuu, kisha akatoa maneno yale yale ya wale watatu waliomtangulia: "Mama, nipe ile kali kuliko zote. Ni ya binti yangu, masomo yake yanaisha usiku. Akikutana na muhuni amchome nayo macho."

Mimi ni fundi wa tochi, chaja na betri hapa Bukavu, Kongo, huu ni mwaka wa kumi na sita. Maneno hayo nimeyajibu kwa upole, nimeyajibu kwa mzaha, na mara moja kwa hasira hadi mteja akaenda zake na pesa zake. Sasa nayaandika. Atakayekuja tena na wimbo huo nitampa simu asome, mimi niendelee kulehemu.

Kwanza namba za kwenye boksi, nizipitie haraka maana zinanichosha. Ile aliyoinyanyua papa imeandikwa lumeni 100,000, yaani jumla ya mwanga unaotoka, na ndani ina betri moja ya lithiamu ya aina ya 18650. LED nzuri ikisukumwa inatoa lumeni 100, haya tuseme 150, kwa wati moja. Gawanya mwenyewe: unahitaji zaidi ya wati 650. Hiyo ni pasi. Ungekuwa umeshika pasi ya moto, papa, na betri ile ingekata roho ndani ya dakika moja. Nilipoiweka kwenye mita ilivuta ampea moja na nusu, yaani wati tano na kitu. Lumeni mia tano, ikijitahidi. Betri yenyewe imebandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, wakati 18650 za viwanda vinavyojiheshimu zinaishia kwenye 3,500 hivi. Sina maabara, lakini jirani yangu wa mkono wa kushoto hununua dhahabu na ana mizani ya gramu. 18650 ya kweli huwa na gramu 45 na kidogo. Ile ya 9,900 ilisoma 29. Jirani alicheka kuliko mimi. Dhahabu bandia ameizoea, hakujua kwamba hata umeme una bandia yake.

Lakini tuseme papa amepata tochi kali ya kweli, maana zipo, za lumeni elfu mbili za halali. Hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanza hasa.

Mwaka juzi nilimuuzia binti wa jirani yetu tochi ya aina hiyo, kwa sababu baba yake aliitaka na mimi nilitaka pesa. Ilikuwa na swichi moja, na kila ukiiwasha inaanza na mwanga wake mkubwa. Kwao unashuka ngazi za udongo zilizotiwa mawe, kushoto ukuta wa nyumba ya watu umepakwa chokaa, kulia mtaro. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Binti ametembea gizani tangu barabarani, macho yamekwisha kuzoea, anaona vivuli vya watu na weupe wa njia. Alipofika kwenye ngazi akawasha. Mwanga wote ukagonga chokaa, hatua moja tu kutoka alipo, ukamrudia usoni. Akashtuka akazima, na sasa hakuna ukuta, hakuna ngazi, hakuna mtaro, ila doa la kijani linaloogelea machoni. Kifundo cha mguu kilivimba kama embe. Wiki iliyofuata aliniletea tochi. Haikuwa na mkwaruzo.

Jicho linataka dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Kazi yote hiyo inafutwa na sekunde chache za mwanga mkali, na inabidi uanze upya. Kwa hiyo mimi nikichukua tochi siulizi kilele chake. Nauliza mwanga wake mdogo ni mdogo kiasi gani, na je, ndio unaotangulia? Humu ndimo tochi nyingi zinaponiudhi. Mtengenezaji anaweka ngazi tatu: kali, kali kidogo, na ile ya kupepesa, inayowaka na kuzimika haraka haraka. "Ndogo" yake ni lumeni 200! Lumeni 200 ndani ya chumba wanacholala watoto watano si ndogo, ni kuamsha ukoo mzima. Kutafuta ufunguo kwenye sakoshi, kwenda chooni bila kumwamsha mtu, kusoma jina la dawa, kuhesabu chenji: lumeni 2 hadi 5 zinatosha na kubaki. Kutembea kwenye njia zetu kati ya nyumba na nyumba, 30 hadi 60. Kuhakikisha kile kilichojikunja pale ni mbwa au mfuko wa makaa, 200 au 300 kwa sekunde chache. Tochi inayofika hapo na kushuka hadi 3 ninaweza kuisimamia. Inayoanza na 3 kisha ikapanda ukibonyeza tena, hiyo naipenda. Nyingine zina kumbukumbu, zinarudi pale ulipoziachia jana, na jana uliachia wapi? Hukumbuki. Kwa fundi ni raha. Kwa mtu mwenye usingizi ni kubahatisha.

Kisha umbo la mwanga. Lumeni ni mwanga wote unaotoka, kandela ni ukali wake kuelekea upande mmoja. Ninachosema ni kwamba ule umbali unaochapwa kwenye boksi, mita 300, mita 500, hata ukiwa wa kweli si umbali wa kuona. Kipimo cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, wanachokitumia, kile cha FL1, kinahesabu hadi pale mwanga unaoangukia kitu unapobaki luksi 0.25, yaani kama mbalamwezi kamili. Unachukua kipeuo cha pili cha kandela, unazidisha kwa mbili: kandela 2,500 ni mita 100. Ukitaka mita 200 lazima kandela ziwe 10,000, mara nne, si mara mbili. Na ili kupata hizo, wanaubana mwanga uwe kama mkuki. Sasa shuka Kadutu na mkuki wa mwanga. Unaona bati la nyumba ya ng'ambo ya bonde, huoni jiwe lililo mbele ya kidole chako cha mguu. Binti wa Bukavu haendi mita 300 kwa mstari mnyoofu popote, labda awe juu ya Ziwa Kivu. Njia inapinda kila hatua ishirini. Anataka mwanga uliotawanyika, laini, usio na duara jeupe katikati, unaoonyesha mguu wake na ukuta wa pande zote mbili kwa pamoja.

Papa akanikatiza hapa. "Sawa mama, lakini muhuni?"

Haya, tuje kwa muhuni. Na kwa ile ya kupepesa, maana wanaiuza kama uchawi: ukimpepesea mtu anapata kizunguzungu, anaanguka. Mwanga mkali wa ghafla usoni unasumbua, kweli, hata mimi nikimulikwa nao nageuza kichwa. Sekunde mbili, tatu. Lakini ili kuifikia hiyo ya kupepesa unabonyeza mara ngapi? Kwenye ile ya papa ni mara tatu. Nilimpa, nikamwambia afumbe macho, mimi nipige kelele "sasa!" na yeye apepese. Alizima. Akawasha. Akazima. Huyo ni mtu mzima, mchana, amesimama mbele ya meza yangu na hakuna anayemvuta sakoshi.

Jambo jingine sikumwambia kwa sauti, kwa sababu watu walikuwa wanapita. Katika mji huu, anayesimama kwenye kona usiku si lazima awe muhuni. Huenda ni mlinzi wa mtaa, huenda ni mtu mwenye bunduki na uchovu wake. Ukimmulika usoni kwa lumeni elfu mbili, haoni binti anayetoka masomoni. Anaona mwanga tu, na nyuma ya mwanga anaweka chochote anachokiogopa. Tochi inashikwa chini, inamulika njia, mkono unaonekana. Mimi na mama yangu tumefundishwa hivyo, na nikipata binti ndivyo nitakavyomfundisha. Mtu akikuzuia, elekeza mwanga chini mbele ya miguu yako wewe, akuone wewe ni nani.

Faida ya tochi dhidi ya mwizi ipo, ila si hiyo ya machoni. Ni kwamba simu inabaki ndani ya nguo. Wasichana wengi wanatembea na taa ya simu. Na mimi siidharau taa ya simu. Wengine wetu tochi yetu ya kwanza kuimiliki ilikuwa juu ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, na huko Tanzania simu ndogo bado wanaiita kitochi. Lakini simu ya leo ukiiinua gizani, umetangaza mnada. Ukiteleza, inatangulia kwenye mtaro. Na ikizimika, umepoteza taa pamoja na namna ya kumwita mtu. Kijitochi cha dola kumi na tano hakuna anayekikimbilia.

Kile cha rangi ya waridi? Papa alikiona na kukigusa. Ni kile kile cha bluu, mashine yake imerahisishwa na bei imepanda. Tuendelee.

Mahali pa kukaa tochi ni jambo ambalo wanaume hawalifikirii kabisa, maana suruali zao zina mifuko. Kikwembe hakina mfuko. Tochi inayokaa chini ya sakoshi, chini ya daftari, chini ya kanga ya mtoto, haipo. Unaposikia hatua nyuma yako huanzi kuchimba. Kwa hiyo: iwe fupi, upana wa kidole gumba, iwe na kibanio cha chuma au tundu la kamba. Mama zetu wa sokoni wanaifunga kwenye fundo la kikwembe kiunoni, na nimeona hakuna njia iliyoishinda. Iwe na swichi ambayo kidole kinaipata bila macho, na ukifungua mkia robo mzunguko ikate umeme. Hilo la mwisho msilipuuze. Tochi yenye nguvu ikijiwasha ndani ya sakoshi inatoboa kitambaa. Nimerudishiwa sakoshi ikiwa na tundu la ukubwa wa sarafu, yenye harufu ya plastiki iliyoungua.

Betri sasa. Zile tochi za plastiki zenye meno ya kuchomeka ukutani, ndani yake mara nyingi ni betri ya risasi ya volti 4, ndugu mdogo wa betri ya gari. Inakufa ukiiacha tupu, na hapa kwetu umeme unakuja kwa zamu, kwa hiyo inaachwa tupu. Miezi sita, kwisha, inakuja kwangu, naweka nyingine, tunarudia. Naishi kwa hizo, nisiseme mengi.

Chaguo langu kwa binti ni tochi ya jiwe, yaani betri, moja dogo la AA. Jiwe la kuchajiwa la 2,000 mAh lina wati-saa 2.4, ukiondoa zinazopotea njiani unapata lumeni 50 kwa saa nne hivi, ambazo ni siku nyingi za kutoka masomoni hadi nyumbani. Likikwisha ghafla, AA ya dukani ipo kila kona, hata kwa muuza sukari. Hiyo ya dukani itumie na uitoe, usiiache humo mwezi mzima: ikivuja inaacha unga mweupe na kula springi. Unga huo unatoka kwa tone la ndimu na mswaki wa zamani, ukiwahi.

Mwenzangu wa Goma ananipinga. Yeye anauza zile za lithiamu zenye tundu la USB, anasema kila binti ana chaja ya simu, nani atahangaika na mawe? Ana haki nusu. Mwaka huu nimeanza kuyumba, kwa sababu AA nzuri za kuchajiwa zinapatikana kwa shida na chaja zake nyingi sokoni zinazichemsha. Mwaka ujao huenda mkanikuta nimehamia upande wake, na mtanikumbusha ukurasa huu.

Na taa ya kichwani? Kwa miaka nimewaambia watu ni ya wachimba migodi. Siku hizi namtazama mama anayepanda mlima na beseni kichwani, mtoto mgongoni, tochi ameing'ata kwa meno, na naona nilikuwa mjinga. Lakini ukivaa taa ya kichwani kila unayemsalimu unamchoma macho, na yeye haoni uso wako. Zile zenye kichwa kilichopinda, zinazobanwa kifuani na kumulika mbele, zinaniridhisha zaidi, ingawa kitambaa kikiwa laini zinainama na kumulika tumbo.

Papa hakununua siku hiyo. Alisema atafikiri, na mimi najua "nitafikiri" ya papa maana yake nini. Jumanne akaja binti mwenyewe, daftari kwapani. Chini ya meza nina boksi kubwa la karatasi nene nililolipaka rangi nyeusi ndani, mteja anaingiza kichwa na mkono, namfunika kwa kikwembe, anajaribu mwanga mdogo hata saa sita mchana. Alikaa humo muda mrefu, watu wa foleni wakaanza kuuliza kama amelala. Akatoka na ile ambayo nisingempa: ya njano mbaya, nene kidogo, haina hata kibanio.

"Kwa nini hii, mwanangu?"

"Ikianguka nitaiona, mama. Na hii ina kona, haiwezi kubingirika hadi mtaroni."

Nikaishika tena, nikaigeuza. Kweli ina kona sita.